Gololi Isiyo na Uzito: flipa ya nyumbani na zamu ya watoto

Tangu likizo ya baridi tumeulizwa swali moja na wazazi watatu, wote wakazi wa upande huu wa Ixelles: je, ile flipa ya skrini inayouzwa siku hizi kwa ajili ya nyumbani, inafaa kununuliwa kwa watoto? Mmoja wao alituuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kununua. Wengine watasema swali hili si la kurasa za fasihi. Sisi tunaona ni letu kabisa. Chombo kinachosimulia hadithi, kinachozungumza na mtoto jioni nzima, na ambacho mbele yake ndugu watatu husimama wakisema lugha hii au ile, tuna haki ya kukihakiki kama tunavyohakiki kitabu.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Waingereza hukiita pinball. Hapa Ubelgiji, kama kule Ufaransa, watu husema flipper, na watoto wetu wamelirudisha neno nyumbani likiwa flipa. Ni meza ndefu iliyoinama kidogo, yenye kioo juu yake, na gololi ya chuma inayoteremka huku ikigongana na kengele na vizuizi, na mchezaji ana vibao viwili tu vya chini vya kuirudisha juu isije ikapotea. Flipa ya skrini haina mbao wala chuma ndani. Ina skrini iliyolazwa chali juu ya sanduku la miguu minne, na gololi imechorwa na kompyuta. Vitufe vya ubavuni ni vya kweli, na katika mashine nzuri kuna sumaku za umeme zinazogonga ndani ya sanduku ili mkono uhisi kishindo.

Mtu anayeteremka leo Chaussée d'Ixelles kutoka Porte de Namur hadi Place Flagey atapita saluni za Galerie d'Ixelles, maduka ya nguo, maduka ya simu, ukumbi wa manispaa pale Place Fernand Cocq, na mikahawa isiyohesabika. Wakongwe wetu waliofika hapa miaka ya 1970, wakati Matonge ilipokuwa ikikua kutokana na wanafunzi waliokuwa wakilala Maison Africaine, wanasimulia kuwa mkahawa usio na flipa ulikuwa kama duka lisilo na mlango. Mwanafunzi aliyefika juzi kutoka Bukavu au Bujumbura, Kifaransa chake kikiwa cha vitabuni, alikaribishwa kwenye flipa kabla hajakaribishwa mezani. Haikuhitaji maneno mengi. Uliweka sarafu yako juu ya ukingo wa kioo, na kila mtu alijua kuwa anayefuata ni wewe.

Sarafu hiyo juu ya kioo tutairudia, maana ndiyo kiini cha maneno yetu.

Kabla ya hapo tumjibu mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyesema kwa ukali kuwa mchezo huu ni kamari na hauna nafasi katika nyumba ya wacha Mungu. Hofu yake ina mizizi. Flipa za kwanza, kama Baffle Ball ya Gottlieb ya mwaka 1931, hazikuwa na vibao kabisa. Uliifyatua gololi, ukaiombea dua, basi. Watu waliwekeana fedha. Meya La Guardia wa New York alizipiga marufuku mwaka 1942, akapigwa picha akizivunja kwa nyundo, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba zinawanyang'anya watoto wa shule sarafu zao. Vibao vilivyompa mchezaji uwezo wa kuiongoza gololi vilikuja mwaka 1947, katika mashine ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty, lakini marufuku ile haikuondolewa New York hadi mwaka 1976, baada ya kijana Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuwatangulizia kwa kidole mahali gololi itakapopita. Na hapa kwetu Brussels, binamu wa flipa asiye na vibao, yaani mashine ya bingo ambayo gololi yake huanguka katika mashimo yenye namba, bado yumo mikahawani. Sheria ya tarehe 7 Mei 1999 iliviruhusu vilabu vya vinywaji kuwa na mashine za bahati nasibu zisizozidi mbili, kwa leseni, na watoto hawaruhusiwi kuzigusa. Kwa hiyo mzee akiona gololi ya chuma chini ya kioo akakumbuka kamari, hajaota ndoto. Tunachomwambia ni kwamba flipa yenye vibao hailipi kitu. Zawadi yake ni kuendelea kucheza. Lakini mzazi aisome orodha ya michezo kabla ya kulipa, maana mashine nyingine za nyumbani huchanganya flipa na michezo ya mtindo wa kasino, na hapo mzee atakuwa amesema kweli.

Tuingie sasa kwenye uhakiki. Familia moja ya wasomaji wetu, baba mtu wa Kigoma na mama mtu wa Uvira, yaani majirani wa ziwa moja waliokutana mbali na ziwa lao, ilituruhusu kuifuatilia mashine yao kwa muda wa miezi mitatu. Wanakaa ghorofa ya tatu katika mtaa unaokatiza Chaussée. Watoto ni watatu: wa miaka 12, wa miaka 9 na wa miaka 5. Bibi yao mzaa baba, mwenyeji wa Ujiji, yuko nao tangu mwaka jana. Mashine hatutaitaja kwa jina la kampuni, kwa kuwa tunayosema yanazihusu karibu zote za aina hiyo.

Jambo la kwanza ambalo mtu mzima huliona ni kwamba gololi haina uzito. Ile ya kweli ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi, na meza yake imeinama kiasi cha nyuzi 6 na nusu. Ikigonga chuma unaisikia mpaka kwenye viganja. Ya skrini huteleza. Mpango wa kompyuta unajua hesabu zote za mwendo wa gololi, na katika mashine zenye programu nzuri hesabu hizo ni sahihi mno, lakini jicho linaambiwa kuna kina pale ambapo pana bapa tu. Mjomba wa watoto, aliyecheza sana flipa za mikahawa miaka ya 1980, aliisimamia dakika kumi, akaiacha, akasema ni kama kunywa chai ya kwenye picha. Hatubishani naye. Aliyezoea ya kweli akitaka ya kweli, aitafute, ajue kuwa ina uzito unaozidi kilo 100, kwamba ngazi za nyumba za Ixelles zilijengwa na watu wembamba, na kwamba kila mwaka itadai mipira, taa, na fundi.

Lakini mashine hii haikununuliwa kwa ajili ya mjomba. Mtoto wa miaka 5 hajui gololi ya kweli ilivyo, wala haikumbuki. Kwake kishindo cha sumaku ubavuni kinatosha, na kilichomshika siku ya kwanza ni kwamba kitufe chake kilifanya kitu papo hapo. Hapo ndipo tunapopima ubora wa mashine, si penye wingi wa michezo iliyomo. Ikiwa kati ya kubonyeza na kibao kuinuka panapita muda hata mdogo sana, mtoto hatasema kuwa skrini inachelewa. Atasema yeye hawezi, na ataondoka. Tumeona mashine moja dukani ambayo watoto waliondoka namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, bila malalamiko. Kwa hiyo, mzazi, usinunue kwa picha. Nenda na mtoto, abonyeze.

Turudi kwenye sarafu. Flipa ilibuniwa ile sarafu. Umbo lake lote, mashimo yale ya pembeni, pengo lile katikati ya vibao, ni kazi ya mtu aliyetaka mchezo wako uishe upesi ili mwenye mkahawa apate sarafu nyingine. Walipoileta nyumbani waliiondoa sarafu wakauacha mtego. Gololi inapotea vilevile, ila sasa kupotea kwake hakugharimu kitu, na kitufe cha kuanza upya kinawaka taa kikimwita mtoto. Matokeo yake tuliyaona wiki ya kwanza: mkubwa wa miaka 12 aliposhindwa alianza upya kabla ya mdogo wake kufungua mdomo. Mkahawani isingewezekana. Sarafu juu ya kioo ilikuwa inagharimu, ndiyo, lakini ilikuwa pia inagawa. Ilikuwa inasema: umemaliza, mpishe mwenzako.

Mama yao alilitatua kwa amri moja, kwamba mchezo wa mtu mmoja ni marufuku wakati watu wawili wapo chumbani. Meza nyingi za flipa, tangu zile za kale za mikahawani, huchezwa na watu hadi wanne kwa zamu, gololi moja moja: mimi gololi yangu ya kwanza, wewe yako ya kwanza, kisha tunarudi. Katika mashine nzuri unabonyeza kitufe cha kuanza mara tatu na wachezaji wanakuwa watatu. Katika nyingine inabidi kuingia ndani ya orodha, kuchagua, kuthibitisha, na mtoto hana subira hiyo, kwa hiyo atacheza peke yake. Wauzaji hawaitaji tofauti hii hata kidogo. Sisi tunaiweka juu ya ukubwa wa skrini.

Maana katika ile zamu kuna kitu ambacho kishikwambi hakikuwapa watoto hawa kamwe. Flipa huchezwa kwa kusimama, na anayengoja husimama ubavuni, na anayengoja hana kazi ila kusema. Kwetu jambo hili si geni. Nani asiyejua kwamba kwenye bao la Unguja au la Ujiji watazamaji ndio wanaocheza zaidi? Mchezaji ananyamaza akihesabu kete, na waliochuchumaa pembeni wanamfundisha, wanamkejeli, wanamkumbusha nyumba yake imebaki tupu. Bao lina msamiati wake wote, namua, mtaji, kutakata, na hakuna aliyeukariri darasani. Umeingia kwa masikio ya waliongoja.

Watoto wa nyumba hii, kama wengi wa rika lao hapa Brussels, Kiswahili wanakisikia na wanakijibu kwa Kifaransa. Wazazi wamejaribu kuwakataza, wamejaribu kutojibu, wamejaribu vitabu. Tusiseme kwamba mashine ya skrini imefanya walichoshindwa wazazi. Si kweli, na tungekuwa tunauza mashine. Tunasema tulichokisikia. Bibi, asiyejua Kifaransa, huketi kwenye kochi lililo ubavuni mwa mashine kwa sababu hapo ndipo penye joto. Akawa mtazamaji wa kudumu. Na mtazamaji wa kudumu anauliza: sasa imekuwaje? Mbona imezima? Zamu ya nani? Anayecheza hawezi kujibu, mikono na macho yake yana kazi, kwa hiyo anayengoja ndiye anayemjibu bibi, na bibi anajibiwa kwa lugha ya bibi.

Ndivyo lilivyozaliwa pale sebuleni fungu la maneno ambalo tumelinakili kwa furaha kubwa. Vibao viwili ni mikono, wa kulia na wa kushoto. Pengo katikati ni kisima, na gololi iliyopotea imezama. Meza ikitoa gololi mbili au tatu kwa mpigo, imezaa, na mdogo hupiga kelele mapacha, mapacha! Gololi ya ziada ina majina mawili yanayogombana: mama, kwa Kiswahili cha Uvira, anasema matabishi, na baba anasema nyongeza, na kila mtoto amechukua upande. Na mtu akiisukuma mashine kwa nguvu ikakasirika, ikazima vibao vyote kama adhabu, hali ambayo duniani kote huitwa tilt, kwa bibi imenuna. Imenuna! Tumetafuta neno bora zaidi tusilipate. Watengenezaji wakitaka kuiuza mashine yao Dar es Salaam au Mombasa, neno hilo watalipata bure kwetu.

Kuhusu kununa, neno kwa wazazi. Flipa bila kusukumwa kidogo si flipa. Kuitikisa ni sehemu ya ustadi. Mashine hizi zina kihisio cha mtikisiko, na kwa kawaida unaweza kukirekebisha kiwe kikali au kipole. Kwa mtoto mdogo anayeninginia ukingoni kama kwenye mti wa mwembe, kiwe kipole, la sivyo itanuna kutwa.

Sasa hadithi zilizomo ndani. Mashine hizi huja na meza kadhaa katika sanduku moja. Legends Pinball ya AtGames, iliyotoka mwaka 2020, ilikuja na skrini ya inchi 32. Arcade1Up walifuata mwaka 2021 na sanduku dogo zaidi la skrini ya inchi 24 lenye meza 10. Wingi huo unapendeza kwenye tangazo, lakini watoto hawa, baada ya wiki mbili, walikuwa wakicheza meza mbili tu, na chaguo lao lilitufundisha kitu.

Moja ni nakala ya Central Park, meza ya Gottlieb ya mwaka 1966. Haina hadithi hata kidogo. Kuna tumbili ubaoni juu anayegonga kengele unapopata alama, na mtoto wa miaka 5 anacheza ili amwone tumbili. Meza za zama zile hazina maneno. Kengele ikilia umefaulu. Wazazi hudhani meza mpya zenye mashujaa wa sinema ndizo za watoto, na hizi za babu ni za babu. Ni kinyume. Meza za miaka ya 1990 zina kanuni juu ya kanuni, maandishi ya Kiingereza yanayopita mbio, na sauti ya Kimarekani inayoamrisha. Asiyesoma Kiingereza anapiga gololi gizani. Akina yakhe wanaotaka kucheza dakika tano baada ya pilau, nao waanzie kwa tumbili.

Ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa fasihi. Ni Tales of the Arabian Nights, iliyotengenezwa na Williams mwaka 1996 na kubuniwa na John Popadiuk, ambayo kwa skrini ilipatikana tangu mwaka 2012 katika programu ya FarSight na mwaka 2019 katika ile ya Zen Studios ya Hungaria. Yaani Alfu Lela Ulela! Katikati ya meza kuna taa inayozunguka gololi ikiigonga, nyuma amesimama jini mkubwa mwenye hasira, na kazi ya mchezaji ni kumaliza hadithi moja moja, kujikusanyia vito, na mwisho kupambana na jini ili kumwokoa binti mfalme. Kwa ufundi wa mchezo ni meza nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote kwa mtoto aliyeanza kukua, kwa sababu hadithi inaonekana kwa macho: taa ile pale, jini yule pale, mpige.

Kwa ufundi wa hadithi, tuna ugomvi nayo. Tuache vilemba, mapazia, na wanawake wa kuchorwa kwa ajili ya macho ya wanaume wa Chicago. Hayo ni ya kawaida na yanachosha. Kosa kubwa zaidi alilitambua bibi kutoka kwenye kochi lake. Alipofafanuliwa kwamba jini huyu ni wa taa na kwamba ni adui, alikataa. Jini wa taa, alisema, ni mtumwa wa mwenye taa. Hana uadui na mtu, anafanya alichoamriwa, na ndiyo sababu yule mchawi aliitaka taa. Jini anayetaka kuua ni mwingine, ni yule wa mvuvi, aliyefungiwa chupani kwa muhuri wa Nabii Suleimani, akaapa kumwua atakayemfungua. Waliotengeneza mchezo wamewachanganya majini wawili, akasema. Kisha, kwa kuwa gololi ilikuwa imezama na zamu ilikuwa ya mdogo ambaye alikuwa chooni, akaisimulia ya mvuvi yote, hadi pale mvuvi anapomlaghai jini arudi chupani kwa kujifanya haamini kwamba mwili mkubwa hivyo uliwahi kuenea humo.

Tunakiri tulifurahi kupita kiasi. Bibi huyu hakusoma uhakiki popote. Hadithi hizi amezipata Ujiji kwa kusimuliwa, kama wengine walivyozipata Pwani nzima, na waliopenda kuzisoma wamezipata kwa Kiswahili katika vitabu vya Hassan Adam vilivyochapwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Na alilolisema lina uzito kuliko alivyojua. Hadithi ya mvuvi imo katika miswada ya kale ya Kiarabu. Ya Alaadini haimo. Iliingia kitabuni kwa Kifaransa, kwa kalamu ya Antoine Galland, ambaye aliisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa kijana wa Aleppo aitwaye Hanna Diyab, mgeni katika mji wa watu, akimsimulia mwenyeji wake hadithi za kwao. Majini hao wawili hawakutoka nyumba moja tangu mwanzo. Mashine iliwaunganisha kwa sababu ilihitaji adui mmoja wa kupigwa gololi.

Je, basi tuilaani mashine? Hapana. Hadithi mbaya inayomfanya bibi aisahihishe ni bora kwetu kuliko hadithi nzuri inayomnyamazisha. Ila tuone ilivyokuwa: bibi alipata nafasi ya kusema kwa sababu gololi ilizama na mtu alikuwa anangojwa. Angekuwepo mtoto mmoja na kitufe cha kuanza upya, jini angeendelea kunguruma kwa Kiingereza na mvuvi asingefika Ixelles. Ndiyo maana ushauri wetu kwa mwenye mashine ya namna hii ni kupunguza sauti ya maneno, pale programu inaporuhusu kuitenga, na kuziacha kengele.

Mambo ya ununuzi tuyapitie haraka. Bei huanzia mia kadhaa za euro na hupanda kupita elfu. Mashine iliyoagizwa moja kwa moja kutoka Marekani inaweza kuwa ya umeme wa volti 110, nasi hapa ni 230. Na forodha itadai VAT ya asilimia 21 juu ya bei na usafiri. Iliyonunuliwa mpya kutoka kwa mwuzaji wa hapa ina dhamana ya kisheria ya miaka miwili, jambo ambalo wenzetu wengi hawalidai kwa aibu tu. Wenye fundi wa kompyuta katika ukoo wanaweza kujijengea: programu iitwayo Visual Pinball, iliyoanzishwa na Randy Davis mwaka 2000, haina malipo, na televisheni iliyolala chali juu ya meza ya mitumba si aibu. Kazi yake si ya jioni moja.

Jambo moja zaidi wazazi hawaambiwi. Meza za skrini zina wenyewe, na wenyewe hugombana. Tarehe 30 Juni 2018 mkataba wa FarSight na wenye haki za meza za Williams na Bally ulikwisha, na meza nyingi zinazopendwa zikaondolewa sokoni kwa siku moja, hiyo ya Alfu Lela ikiwemo. Waliokwisha kununua walibaki nazo; waliosubiri waliukuta mlango umefungwa hadi kampuni nyingine ilipozichukua na kuziuza upya. Kwa hiyo zihesabu meza zilizomo ndani ya sanduku siku ya kununua, usizihesabu zile ulizoahidiwa kwenye mtandao baadaye. Na kadi ya benki isiachwe imeandikwa ndani ya mashine, hasa kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 12.

Familia ya Kigoma na Uvira imeibakiza yao. Mdogo amewekewa kijukwaa cha mbao, kwa kuwa kutoka chini alikuwa akiiona meza kwa pembe ya vibaya na gololi ikimpotea machoni. Jirani wa ghorofa ya pili, Mbelgiji mstaarabu, alipanda kuuliza ni seremala gani anayefanya kazi usiku. Wakamwonyesha, akacheza gololi tatu, akazizamisha zote. Sasa kuna mkeka mzito chini ya miguu ya mashine, sumaku zimepunguzwa nguvu, na baada ya saa mbili usiku haichezwi. Mabao ya juu yameandikwa kwenye karatasi mlangoni, na la kwanza, hadi tunakwenda mitamboni, ni la bibi.